Jiwe la Ukurasa wa Thelathini na Moja

Svaneke, Bornholm
3 Machi 2017

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba magoti ya Mama yamepata nafuu kidogo sasa baridi inapoelekea kuwaachia. Huku kwetu Denmark theluji bado imelala juu ya mawe yangu uani. Binti yenu Sayo anakohoa, lakini haachi kwenda shuleni kufundisha. Anawasalimu sana, na anasema atawaandikia mwenyewe akimaliza kusahihisha mitihani. Amelisema hilo tangu Januari.

Nina habari njema. Jumba moja la makumbusho la Copenhagen limechagua kazi zangu kumi na mbili, na maonyesho yatafunguliwa tarehe 12 Mei. Ni mawe yale niliyorudi nayo kutoka kwenu mwaka juzi, baada ya miaka sita ya kushika nyundo mbele ya macho yako. Kila ninachofanya hapa nimekichota kwako: kuacha ngozi ya jiwe kama ilivyo, kuacha alama za kabari zionekane, kujua mahali pa kuishia kabla kazi haijaisha. Watu wa huku husimama mbele ya mawe hayo wakanong'ona kama wako kanisani.

Nimekutumia kitabu cha maonyesho. Maelezo yake nimeyaandika upya kwa lugha yenu kwenye karatasi zilizomo ndani, kwa hiyo makosa ni yangu. Nina ombi moja, Baba. Mkuu wa jumba, Bibi Birgitte Ravn, anataka mistari mitano kutoka kwa mwalimu wangu, iandikwe ukutani penye mlango. Mitano tu.

Tatizo langu ni kuvumwani, ule utando laini unaoota juu ya mawe. Mawe yalikuja na kuvumwani nzuri ya kijani, lakini ikaanza kufa kwa sababu ya joto la ndani ya karakana yangu. Nimepata dawa: kila Jumatatu nayapaka mtindi kwa brashi, na rangi inarudi. Sayo hunicheka. Akirudi kutoka shuleni huuliza, "Haya, leo umeshayanyonyesha?"

Msalimie Mama sana. Mwambie bado nazitamani tambi zake.

Mkweo,
Jeppe


Kuroiwa, Shikoku
22 Machi 2017

Jeppe,

Marahaba. Barua yako imefika pamoja na kitabu. Sisi hatujambo. Magoti ya mama mkwe wako hayajapata nafuu na hayatapata. Daktari amesema hivyo waziwazi, nami nampenda daktari asemaye waziwazi. Miti imeanza kuchipua. Mwambie Sayo anywe maji ya moto yenye tangawizi na aache kuahidi barua.

Nimesoma karatasi zako zote. Nilimsomea Mama Sayo kwa sauti alipokuwa akimenya maharage. Nilipofika pale wanaposema kwamba wewe ni "bwana wa utupu", alicheka hadi maharage yakamwagika. "Utupu gani?" akasema. "Huyo aliyekuwa akimaliza bakuli tatu na kuuliza kama kuna la nne?"

Yeye alicheka. Mimi nilichukizwa, na ni bora nikueleze sababu kuliko kukaa na kinyaa hicho peke yangu.

Wameandika kwamba sisi huacha ngozi ya jiwe kwa sababu tunapenda kilichochakaa. Nani aliwaambia? Baba yangu aliacha ngozi kwa sababu ngozi hukataa maji, na jiwe lililochubuliwa pasipo sababu hupasuka baridi ikiingia. Wameandika kwamba alama za kabari ni "sala". Ni alama za kabari. Unatoboa mashimo kwa mstari, unatia vyuma, unagonga kimoja kimoja kwa zamu, halafu unangoja mlio ubadilike na jiwe lipasuke. Ulijua hivyo. Nilikuweka miaka miwili ukinoa patasi kabla sijakuruhusu kugonga chuma cha kwanza, na hukuniambia hata siku moja kwamba unasali.

Halafu mtindi. Kuvumwani huja mahali palipo na maji na kivuli, na hufa pasipo na vitu hivyo. Kuipaka maziwa ili watu waliovaa viatu safi waone uzee ni sawa na kumpaka masizi kijana usoni na kumwita mzee. Ninaona kinyaa nikifikiria harufu yake.

Sitaandika mistari mitano. Fundi haandikwi ukutani. Uliwahi kuniuliza kwa nini hatuchongi majina yetu kwenye makaburi tunayoyatengeneza, nami nikakujibu. Narudia, kwa kuwa inaonekana ulikuwa ukifikiria tambi. Jina kubwa la mbele ni la marehemu. Jina dogo la chini ni la aliyelisimamisha kaburi, yaani mtu atakayeliosha na kulimwagia maji mpaka naye afe. Fundi hana haki hiyo wala mzigo huo. Achukue vyombo vyake aende nyumbani.

Picha sijazitazama. Maneno yamenitosha.

Jumamosi bado nashuka mtoni chini ya hekalu, kama nifanyavyo tangu kimbunga cha mwaka juzi. Kuna kitu kilichonipotea huko na ninakitafuta. Usimtajie Sayo.

Baba mkwe wako,
Tokujiro


Kuroiwa
24 Machi 2017

Jeppe,

Naanza bila salamu, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika barua yoyote.

Leo mchana nimetazama picha. Ukurasa wa thelathini na moja. Jiwe lisilochongwa, la kimo cha goti, lililosimama juu ya gogo la mwaloni. Limepewa jina "Hakuna Mtu".

Umelitoa wapi jiwe hilo? Nijibu upesi, useme ukweli wote. Na kuanzia leo usilipake kitu chochote.

Tokujiro


Svaneke
2 Aprili 2017

Baba,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja, na nimezisoma nikiwa nimesimama, kama ulivyokuwa ukitutaka tusimame unapotukaripia. Kuhusu mtindi nimekuelewa. Nimeacha.

Sasa kuhusu mawe, naona umekasirika, na nafikiri najua sababu. Ndiyo, ni mawe ya makaburi. Sikukuficha, sikujua tu jinsi ya kukueleza. Unalijua rundo lililokuwa nyuma ya hekalu, mawe ya zile koo zilizokwisha, ambazo hazikubakiza mtu wa kuyatunza. Kuhani Ryoen alikuwa ameshawasomea dua na kuzitoa roho, na mawe yalikuwa yakingoja lori la kwenda kuyasaga yawe kokoto. Nilimwendea nikamwomba. Akaniambia, "Chukua yote. Utaniokoa na gharama ya lori." Nilimletea sanduku la machungwa.

Mawe kumi na moja yalikuwa na maandishi. Niliyaondoa maandishi kwa heshima, nikabakiza migongo na ngozi. Baba, yangekuwa barabara! Magari yangepita juu yake. Je, si bora yasimame ndani ya jumba, watu wakiyatazama kwa upole? Hilo ndilo jibu langu, na sioni aibu kulitoa.

Lile la ukurasa wa thelathini na moja lilikuwa la kumi na mbili. Halikuwa ndani ya rundo hasa. Lilikuwa pembeni kidogo, chini ya mti wa kamelia. Halikuwa na herufi wala alama ya patasi. Nilidhani ni jiwe la mtoni lililoletwa kuzuia rundo lisiteleze. Ninakiri kwamba nilikaa mbele yake asubuhi nzima. Mengine niliyachukua kwa sababu yalikuwa mazuri. Hilo nilishindwa kuliacha. Lina bonde dogo juu, upande wa kushoto, kama limeinamisha kichwa. Sikuligusa kwa patasi hata mara moja. Nililisimamisha tu. Watu wote wanaokuja karakana huanza nalo, na wengine hawaendi kwa jingine. Ndilo jiwe lililo kwenye jalada la mwaliko.

Nililiita "Hakuna Mtu" kwa sababu hakuna mtu aliyelitengeneza. Nilidhani ungelipenda kuliko yote.

Sayo anakohoa bado. Anauliza kwa nini nimekaa kimya mezani.

Mkweo,
Jeppe


Kuroiwa
11 Aprili 2017

Jeppe,

Nimekusoma. Umejibu kwa ukweli, na hilo nimelihesabu kwa faida yako. Ni hilo tu.

Kuhusu yale kumi na moja sibishani na kuhani. Alisoma dua, roho zilitoka, yaliyobaki ni mawe. Lakini usiniambie kwamba umeyaokoa. Kokoto ni kitu chenye adabu. Inalala barabarani, inabeba magari, na hakuna anayeinong'onezea akiwa na glasi ya mvinyo mkononi.

Sasa lile la kumi na mbili. Nakuandikia jambo ambalo Sayo halijui, na ambalo mimi na mama yake hatujalisema kwa sauti tangu kabla hajazaliwa.

Tarehe 14 Agosti 1968 mke wangu alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yangu alisema kwamba mtoto asiyevuta pumzi haingii katika kaburi la ukoo wala hapewi jina, na hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kijiji. Nilitii. Kuhani wa wakati ule, baba yake Ryoen, alituruhusu tumlaze nyuma ya hekalu chini ya kamelia. Nilishuka mtoni siku tatu kutafuta jiwe. Nilitaka jiwe ambalo mkono wa mtu haujalifanyia kazi, kwa kuwa yeye naye hakushikwa na mtu isipokuwa mama yake, na kwa muda mfupi. Nililipata siku ya tatu. Nilichagua lile lenye bonde upande wa kushoto kwa sababu niliona kama limeinamisha kichwa. Nililibeba mgongoni ngazi zote za hekalu.

Umeandika neno hilohilo. "Kama limeinamisha kichwa." Nimelisoma mara nyingi. Jicho lako halikukosea, Jeppe, na ndiyo maana nakereka zaidi. Kama ungekuwa mpumbavu asiyeona kitu ungelipita.

Mke wangu alikuwa akipanda kila mwezi na ndoo. Miaka miwili sasa hawezi ngazi. Kila mwezi ananiuliza, "Umemmwagia maji?" Nami humjibu, "Nimemmwagia." Baada ya kimbunga nilikuta jiwe halipo, na ardhi imechimbika kwa mvua. Nilifikiri maji yamelirudisha mtoni. Nimekuwa nikishuka kila Jumamosi, mzee wa miaka sabini na mitano, nikigeuza mawe ndani ya maji ya baridi. Juu hekaluni nimekuwa nikimwagia ardhi tupu kisha narudi nyumbani kusema uongo.

Na wewe muda wote huo ulikuwa ukimpaka mwanangu mtindi kwa brashi. Umemsimamisha juu ya gogo. Umemwita Hakuna Mtu.

Nimekwenda kwa Ryoen. Alikuwa akifagia. Nikamwuliza kama alimpa mtu jiwe la chini ya kamelia. Akasema, "Lakini Mzee, lile halikuwa na maandishi." Nikamwambia, "Na wewe hukuwa na macho." Akaangusha ufagio akapiga magoti kwenye changarawe. Sikumwinua. Baba yake alikufa bila kumwambia. Mimi nami sikumwambia. Hapo ndipo kinyaa changu kinaponirudia mwenyewe: nimewachongea majina watu wote waliokufa katika kijiji hiki kwa nusu karne, na wangu nikamwacha bila hata mstari, mpaka mtu mwenye macho mazuri akaja akadhani ni wa bure.

Mwaka huu, kwa hesabu yetu inayoanza na mwaka wa kifo chenyewe, ni wa hamsini. Ni dua ya mwisho. Baada yake aliyekufa hujiunga na waliotangulia na haombewi tena peke yake. Siku za Bon, wafu wanaporudi nyumbani, zinaanza tarehe 13 Agosti. Jiwe liwe mahali pake kabla ya siku hiyo.

Mwambie Sayo wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka arobaini ya kumwambia, na sikuweza.

Tokujiro


Svaneke
8 Juni 2017

Baba,

Shikamoo. Sijui kama una haja ya kuniitikia. Natumaini Mama hajambo. Najua umehesabu majuma ambayo sijakuandikia. Niliandika barua tatu nikazichana, kwa kuwa zote zilikuwa na maneno mazuri.

Nitakueleza kwa utaratibu. Barua yako ilipofika, maonyesho yalikuwa yakipangwa, na mialiko ilikuwa imeshatumwa. Sikusema kitu kwa mtu yeyote. Nilijiambia: wacha yafunguliwe kwanza, Bon bado mbali. Tarehe 12 Mei yalifunguliwa. Nilisimama karibu na mtoto wako nikiwa na mvinyo mkononi, kama ulivyoandika. Mwanamke mmoja akaniambia machozi yamemtoka. Nikamshukuru.

Nilimwambia Sayo siku ya mwisho ya Mei. Alikuwa akikata mkate. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliweka kisu chini akaniuliza, "Kumbe nilikuwa nauliza umemnyonyesha?" Akatoka akaenda karakana. Nilimkuta ameishika ile brashi ya mtindi. Akaivunja, akavitia vipande mfukoni mwa koti. Tangu siku hiyo huongea na mimi mambo ya nyumba tu. "Chumvi imekwisha." "Mlango haukufungwa." Ningependa anitukane.

Siku iliyofuata nilipanda feri kwenda Copenhagen, nikamwambia Bibi Ravn ukweli wote na kwamba ninaliondoa jiwe. Nilitegemea ataona haya. Macho yakamng'aa.

"Jeppe," akasema, "hii ni kubwa kuliko tulivyodhani. Usiliondoe. Tutabadilisha maelezo. Tutaweka habari ya mtoto ukutani, na ya baba anayetafuta mtoni. Unaweza kupata picha ya yule mzee? Picha ya mtoni hasa."

Nikamwuliza, "Na ukiambiwa ni mwanao?"

"Usiwe hivyo," akasema. "Watu watalia."

Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya jumba. Na nilichotapika si maneno yake, yalikuwa yangu. Kila neno alilosema nilikuwa nimemfundisha mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi uleule nikiwaambia kwamba pasipo na jina ndipo penye uzuri.

Nimeliondoa. Nililifunga kwa mablanketi nikaliweka ndani ya gari langu, kiti cha mbele, nikalivalisha mkanda. Mlinzi alitaka karatasi. Nilimwambia aite polisi. Hakuita. Yale kumi na moja nimewaachia. Watajua wenyewe, na mikataba yao. Sitafanya tena maonyesho pale, na sidhani kama nitafanya popote kwa muda.

Limebaki jambo moja ambalo sikukuambia. Niliandika kwamba sikuligusa kwa patasi. Si kweli. Chini, upande wa nyuma, karibu na ardhi, nilichonga jina langu. Si herufi mbili tu. Jina lote, dogo, kwa mwandiko ulionifundisha wa kuchonga makaburini. Jumba lilitaka kila kazi iwe na jina la msanii. Niliona haya kukuambia kwa sababu nilikumbuka uliyoniambia kuhusu fundi.

Mwezi ujao nitalisaga jina hilo litoke, kisha nitalifunga jiwe kwenye sanduku. Sayo atakuja nalo kwa ndege. Mimi sitakuja. Sina uso wa kuja nao.

Mkweo, kama bado,
Jeppe


Kuroiwa
16 Juni 2017

Jeppe,

Barua hii ni ya haraka. Salamu utazipokea katika nyingine.

Usisage chochote. Ukisaga utakuwa umemchubua mara ya pili, na safari hii ngozi yenyewe. Mpe Sayo jiwe kama lilivyo.

Tokujiro


Kuroiwa
20 Agosti 2017

Jeppe,

Natumaini u mzima na unakula. Mimi sijambo. Joto la mwaka huu limekuwa kali, na nyenje hawanyamazi tangu alfajiri hadi jioni. Siku za Bon zimekwisha salama.

Sayo alifika tarehe 9. Anasema mtu wa forodha alimwuliza kilichomo ndani ya sanduku, akamjibu, "Kaka yangu mkubwa." Mtu yule akatazama karatasi, akamtazama Sayo, akapiga muhuri. Siku ya tatu alinikuta karakana, akasimama mlangoni kama mama yake asimamavyo, akaniambia, "Mlikuwa mkiniona nikicheza chini ya ile kamelia. Nilikuwa nikikalia kichwa chake. Mkanitazama tu." Nilimpa patasi ya kunoa. Alinoa mpaka chakula cha mchana.

Nilikuwa nimeazimia kulipeleka jiwe moja kwa moja hekaluni ili mama yake asilione. Nilishindwa. Sanduku lilikuwa uani na yeye yuko kizingitini, akiniuliza ni mzigo gani. Nikamweleza yote: mto, ardhi tupu, uongo wa miaka miwili. Nilingoja anichukie. Akasema tu, "Lifungue."

Tuliliweka juu ya mkeka mbele yake. Miaka miwili hakuweza kumpandia. Sasa ameletwa chini. Alilipapasa lote, akakuta lile bonde, akaweka kiganja hapo. Halafu akainama na kunusa. Mimi nilikuwa nimeinusa harufu ile tangu kifuniko kilipofunguliwa, na nilikuwa nimejikaza nisiseme. Ule mtindi wako, Jeppe, umeingia ndani ya vinyweleo vya jiwe, na kwa joto hili ulikuwa umechacha. Nikamwambia Sayo alete maji na sabuni.

"Ngoja," mama yake akasema. "Ananuka maziwa."

"Nimesikia," nikasema. "Ni uchafu. Tutauosha."

"Hajawahi kunuka maziwa," akasema. "Mwache kidogo."

Tukamwacha mpaka jua lilipoanza kushuka. Mimi niliikalia hasira yangu pale kivulini na sikuweza kuitumia kwa mtu yeyote. Kisha akamwosha mwenyewe kwa mikono, bila sabuni.

Tarehe 12 nililibeba jiwe ngazi za hekalu. Si peke yangu. Ryoen alishika upande wa chini, na alishika vizuri. Tulipolilaza ili kuchimba mahali pake, niliona jina lako. Umelichonga kwa usahihi. Mstari wa kushuka umeumalizia kwa pembe, kama nilivyokupigia kelele mwaka mzima uufanye. Niliketi nikalitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa na patasi mfukoni. Nikueleze bila kuficha: nilikasirika kuliko siku niliyoona picha. Katika jiwe nililolichagua kwa sababu halikuwa na mkono wa mtu, upo mkono wako. Bado nakereka ninapoandika haya, na sitegemei kuacha.

Ryoen akaniuliza, "Mzee, nilete jiwe la kusagia?"

Nikamwambia hapana. Nikalisimamisha, jina likaingia upande wa nyuma, nusu yake ardhini na nusu juu, mahali ambapo sisi huandika jina dogo. Dua ya hamsini ilisomwa tarehe 14. Sayo alimbeba mama yake mgongoni ngazi zote, wakipumzika kila baada ya ngazi kumi na kugombana njiani kuhusu nani mzito.

Sasa nisikilize, kwa kuwa sirudii. Nilikuambia mara mbili maana ya jina dogo la chini. Si la fundi. Ni la aliyemsimamishia marehemu kaburi, na aliyeandikwa hapo ndiye mwenye kumwosha na kumwagia maji mpaka naye afe. Miaka hamsini mwanangu hakuwa na aliyeandikwa. Mimi nilikuwa na patasi na sikuthubutu. Wewe ulithubutu kwa sababu mbaya, kwenye jiwe ambalo si lako, ili upate sifa. Lakini limechongwa, na katika kijiji hiki kilichochongwa kinatekelezwa.

Kwa hiyo usiniandikie habari za kukosa uso. Sikuuliza kuhusu uso wako. Nimefanya pia jambo langu: mbele ya jiwe, ardhini, nimelaza kibao kidogo chenye jina. Tulilichagua usiku ule wa mwaka 1968, mimi na mama yake, na hatukulitamka tena. Ukija utalisoma.

Ni kila mwaka tarehe 14 Agosti, asubuhi, kabla jua halijaipita kamelia. Maji ni ya kisima cha hekalu, si ya bomba. Unaanzia kwenye lile bonde la kushoto, polepole, na unaacha yashuke yenyewe. Mimi nikiwapo nitasimama nyuma yako na kukukaripia ukikosea. Nisipokuwapo, Ryoen sasa anajua lilipo.

Sayo anasema atakuandikia. Safari hii naamini, kwa kuwa nimeiona bahasha. Mama yako anauliza kama tambi akuwekee bakuli tatu au nne.

Baba yenu,
Tokujiro